Kiboko na Mawe ya Barabara ya Katikati

Paukwa!

— Pakawa!

Mmekula?

— Bado!

Vizuri, ngano hii si ya walioshiba. Barabara ni ya nani?

— Ya mwenye mguu mkubwa!

Haya, sogeeni.

Hapo kale, yaani kama juzi hivi, wanyama walikuwa na mji wao, na katikati ya mji ilipita barabara moja. Ilianzia kwenye ofisi ya Halmashauri, ikaishia mtoni. Kila adhuhuri Wazito walishuka nayo kwenda kunywa maji: Nyati, Kifaru, na mbele yao Kiboko, Mwenyekiti wa Halmashauri. Hawakuwa wanatembea, walikuwa wanaporomoka. Ndi! Ndi! Ndi! Anayevuka avuke, asiyewahi shauri yake.

Mama Kanga alikuwa na kiota upande huu wa barabara, na punje za kula zilikuwa upande ule. Alikuwa na watoto tisa. Siku moja akavuka nao. Ndi! Ndi! Ndi! Akafika ng'ambo na saba.

Wadogo wote wakaenda ofisini. "Mheshimiwa, tunaomba barabara ya katikati ifungwe kwa Wazito, sisi wadogo tutembee bila kufa. Nyinyi mzungukie bondeni, si mbali."

Kiboko akapiga mwayo, mdomo ukafunguka kama geti la ghala. "Pole sana, mama. Tumelipokea. Tutaitisha kikao cha maoni ya wananchi. Everything kwa taratibu."

Sasa, mji ule ulikuwa na desturi yake. Mlangoni pa kikao palitandazwa bamba la udongo mbichi, na kila aliyeingia alikanyaga, pwata!, kuonyesha kwamba amehudhuria. Ukishakanyaga unapewa kibuyu cha togwa. Wadogo wakakanyaga, wakanywa, wakasema hadi sauti zikakauka. Kesho yake bamba likatundikwa ukutani, limekauka, nyayo zote zinaonekana, na juu yake pameandikwa: "Sisi tuliokanyaga hapa tumeridhia barabara ipanuliwe."

Ikapanuliwa. Ndi! Ndi! Ndi! Mama Kanga akabaki na watano.

Wakarudi ofisini. "Pole sana, mama. Tutaitisha kikao." Wakakanyaga, pwata! Wakanywa togwa. Kesho yake ukutani: "Sisi tuliokanyaga hapa tumeridhia matuta yaondolewe."

Yakaondolewa. Ndi! Ndi! Ndi! Mama Kanga akabaki na watatu.

Msiniulize kwa nini walirudi kukanyaga. Nyinyi huwa mnarudi kwa nini?

Basi palikuwa na Nguchiro. Kadogo, mkia mrefu, macho mekundu. Alikuwa na degree ya mipango miji, first class kabisa, na mwaka wa nne sasa alikuwa akiuza karanga nje ya ofisi ile ile aliyoiomba kazi. Alimkuta Mama Kanga ameketi kando ya barabara, amewafunika watatu wake kwa mabawa.

"Shangazi, usiwavushe leo."

"Watakula nini, mwanangu? Hiyo degree yako?"

"Ingekuwa inalika ningeshaimaliza. Chukua karanga hizi. Nipe siku mbili."

Nguchiro akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Kazi hakuna."

"Sikuja kwa kazi. Nimekuja kukuonea huruma. Barabara imepanuka, matuta hayapo, na uzinduzi hujafanya! Kweli, Mheshimiwa? Project kubwa hivi bila uzinduzi? Waite Wazito wenzako, mjipongeze."

Kiboko akafikiri. Akifikiri huwa anatafuna. "Chakula kitakuwepo?"

"Matikiti."

"Mengi?"

"Anayewahi ndiye anayechagua."

Wadogo wakachanga matikiti yao ya mwisho, wakayarundika ndani ya ukumbi. Wazito wakaja mbio, wanasukumana, na mlangoni palikuwa na bamba la udongo mbichi kama kawaida. Kiboko hakuuliza neno. Pwata! Nyati, pwata! Kifaru, pwata! Macho yote yalikuwa kwenye matikiti. Wakala hadi maganda.

Kesho yake bamba likawa ukutani: "Sisi Wazito tuliokanyaga hapa tumeridhia barabara ifungwe kwa Wazito. Mawe yawekwe. Yasing'olewe ila kwa uamuzi wa kikao, Mwenyekiti akiwa ameketi kitini."

Kiboko akanguruma, vumbi likamwagika kutoka darini. "Huu ni uhuni! Mimi nilikanyaga kwa ajili ya matikiti!"

"Na sisi tulikanyaga kwa ajili ya togwa," akasema Nguchiro. "Lifute hili, Mheshimiwa, halafu tuyafute yote. Tuanze na lile lililokupa uenyekiti?"

Kiboko akatupa jicho ukutani. Bamba lile la uchaguzi alikuwa analijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Wadogo wakaviringisha mawe, mia kwa jiwe moja, gruu, gruu, wakayasimamisha kwenye kingo zote za barabara na kwenye miisho yake miwili. Palibaki mianya ya kupita swala, sungura, na mama mwenye watoto watatu. Nyati akazungukia bondeni. Kifaru akazungukia bondeni.

Kiboko akasema, "Sheria ni ya hao. Mimi ndiye niliyeitia mguu, itanizuiaje mimi?" Adhuhuri ikafika, jua kali, na mto akauona unang'aa kule mwisho wa barabara. Akajisukuma katikati ya mawe mawili pale mbele ya ofisi. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Tumbo, kwaa! Mbele haendi, nyuma harudi.

"Nitoeni! Ng'oeni jiwe!"

"Mpaka kikao kiamue," akasema Nguchiro.

"Basi itisheni kikao!"

"Mwenyekiti lazima awe ameketi kitini."

"Mwenyekiti ni mimi, mpumbavu wewe!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na kiti kiko ndani."

Kiboko akamwita makamu wake. "Nyati, ndugu yangu! Pembe moja tu, jiwe linaanguka!"

Nyati akalitazama jiwe. Kisha akachungulia dirishani, akakitazama kile kiti. "Ningependa sana, boss," akasema. "Ila taratibu." Akazungukia bondeni.

Siku ya kwanza jua likawaka. Kiboko akapiga kelele. Siku ya pili jua likawaka, na kiboko asiyeingia majini ngozi yake haivumilii. Ikaanza kupasuka, pa! pa! Kelele zikawa kilio. Siku ya tatu Mama Kanga akatoka mtoni na watoto wake, ameshika kifuu cha maji, akasimama mbele ya ule uso.

"Mama," Kiboko akanong'ona. "Maji, mama yangu."

"Walikuwa wangapi?"

"Akina nani?"

"Wanangu."

Kiboko akafumba macho, akayafumbua. "Kuna… kuna ripoti, mama. Iko ofisini."

Mama Kanga akawanywesha watoto wake yale maji, palepale, mmoja mmoja. Maji yakaisha, wakaenda zao.

Jioni Kiboko akafa.

Wanaosema Nguchiro alicheka ni waongo. Alikaa pale siku zote tatu, hakucheka. Aliuza karanga kwa waliokuja kutazama, na karanga ziliisha.

Nyati akataka mzoga uondolewe na yeye apewe kile kiti. Akaitisha kikao cha maoni. Bamba likatandazwa, togwa ikapikwa mapipa mawili. Hakukanyaga mtu. Udongo ukakauka hauna hata alama ya ukucha. Basi Kiboko yuko palepale, nzi juu yake, na Mzito yeyote akiisikia ile harufu anageuka mwenyewe. Mama Kanga huvuka na watatu wake asubuhi na jioni, ameziba pua. Barabara imefungwa.

Ngano yangu imegota hapo. Ikiwa tamu, ramba vidole. Ikiwa chungu, ipeleke Halmashauri, wataipokea na kukupa pole.

Na funzo lake, kwa kuwa lazima muwe na funzo: watoto wazuri, waheshimuni viongozi wenu, msiwe na haraka, acheni taratibu zifuatwe. Taratibu hazijawahi kumuua mtu.