Jezi Nyekundu za Chuo cha Matopeni

Paukwa!

*Pakawa.*

Mmejibu kama wagonjwa. Paukwa!

*Pakawaaa!*

Kulikuwa na nini?

*Kikapu!*

Kina kitako?

*Hakina!*

Kinabeba nini?

*Mpira!*

Haya, kaeni vizuri. Na wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, watu wasije wakajikwaa.

Hapo kale wanyama wa kike walikuwa na vyuo vyao, na kila chuo kilikuwa na timu ya mpira wa kikapu. Nyumbu walikuwa na chuo, ngiri walikuwa na chuo, hata kobe walikuwa na chuo, ingawa mechi yao moja ilianza masika ikaisha kiangazi. Lakini chuo chenye jina kuliko vyote kilikuwa Matopeni, chuo cha viboko. Na chuo kisicho na jina kabisa kilikuwa Jabalini, chuo cha pimbi, wale vijinyama wa kwenye mawe, wadogo kama sungura, mkia hawana.

Nani alisema Matopeni ni wa kwanza? Kasuku. Kazi ya Kasuku ilikuwa kupanga timu kwa ubora. Kila mwaka alikaa juu ya mti wa uwanjani, akaupa uwanja mgongo, akatangaza, "Nyekundu wa kwanza! Kijivu wa mwisho!" Nyekundu ni jezi za Matopeni, kijivu ni jezi za Jabalini. Mwaka uliofuata akatangaza hivyo hivyo, na mwaka uliofuata hivyo hivyo. Mlitaka aseme nini? Ni kasuku! Viboko wa zamani ndio waliomfundisha maneno hayo, kwa karanga.

Na desturi ilikuwa hivi. Timu ya mwisho ikikutana na timu ya kwanza, huinama na kuamkia. Timu ya mwisho ndiyo hufua jezi za timu ya kwanza. Na timu ya kwanza ndiyo hukabidhiwa kisima. Hapo kwenye kisima ndipo palipouma. Kiangazi kilikuwa kikali, mito imekauka, kisima kimebaki kimoja tu, na viboko walijitumbukiza humo, chubwi! wakalala kutwa nzima. Wenzao walichota tope.

Sasa sikilizeni mpira ulivyochezwa.

Bi Kiboko, kapteni wa Matopeni, alidundisha mpira, du! du! du! Akarusha. Mpira ukapita juu kabisa ya kikapu, ukaangukia kichakani, pwata! Watazamaji wakapiga vigelegele. "Ustadi huo! Kikapu ndicho kilichokaa vibaya!" Refa Korongo akapuliza filimbi, prrii! "Pointi mbili!"

Kijino, kapteni wa Jabalini, alidundisha mpira, di! di! di! Akarusha. Mpira ukapita katikati ya kikapu, chwaa! Watazamaji wakapiga miayo. "Bahati tu hiyo." Refa Korongo akapuliza filimbi, prrii! "Bahati haihesabiwi!"

Ndivyo ilivyokuwa kila mechi. Mimi ningekuwa Kijino ningemng'ata mtu.

Kijino hakung'ata. Alikwenda kisimani kwa adabu zake zote.

"Shikamoo, dada mkubwa."

"Marahaba. Sema upesi, nina usingizi."

"Dada, watoto wetu wanaumwa matumbo kwa kunywa tope. Tusaidie maji safi, japo ndoo moja."

Bi Kiboko akapuliza mapovu, bwabwabwa. "Maji ni ya timu ya kwanza. Kasuku amesema nani wa kwanza?"

"Tunajua alivyosema, dada. Lakini Kasuku hajawahi hata kugeuka akatazama mechi!"

"Koma! Neno la Kasuku likishatoka halina rufaa. Chukueni jezi zetu mkafue, kesho kutwa kuna mechi na nyie. Nawapa pipa la maji safi ya kufulia. Na ole wenu mnywe! Jezi za timu ya kwanza hazifuliwi kwa tope."

Kijino alirudi Jabalini akiviringisha pipa, na dada zake wakibeba jezi zile, kila moja kubwa kama turubai. Alipofika, akakaa juu ya jiwe akalia. Alilia kwa hasira. "Jezi zinapewa maji safi, watoto wanapewa tope!"

Kisha akanyamaza. Akafuta pua. Akacheka, hi hi hi.

"Dada zangu, Kasuku husema wa kwanza ni nani?"

"Ni viboko," wakajibu.

"Hajawahi kusema viboko. Husema nyekundu. Haya, kwanza wachoteeni watoto wanywe washibe. Yatakayobaki yabandikeni motoni."

Mnajua pamba ikipikwa inavyokuwa? Hurudi, ikawa ndogo. Pimbi wakazichemsha jezi, wakazifua chaka chaka, wakazianika juani. Zikawa za kumtosha nyati. Wakazichemsha tena, chaka chaka. Zikawa za kumtosha mbuzi. Wakazichemsha tena, chaka chaka. Kijino akavaa moja, akazunguka huku, akazunguka huku.

"Imenikaa!" akasema.

Siku ya mechi ikafika. Timu yenye jina haiwahi uwanjani, lazima isubiriwe, kwa hiyo viboko wakaendelea kulala. Pimbi wakawahi. Wakaingia wakiwa wamevaa nyekundu, vifua mbele. Uwanja mzima ukasimama.

"Hao wa kwanza wameingia!"

"Mbona wamekuwa wadogo?"

"Mazoezi hayo. Wenzio wanakimbia kila asubuhi!"

Hatimaye viboko wakafika langoni, tii! tii! kishindo tupu. Nyumbu mlinzi akawazuia.

"Jezi zenu?"

"Ziko kwa wafuaji wetu, hawakutuletea!"

"Timu isiyo na jezi haichezi. Isiyocheza imeshindwa. Iliyoshindwa inakabidhi kisima." Akawaonyesha fundo la nguo kando ya lango. "Hizi hapa zimeachwa. Vaeni hizi."

Zilikuwa kijivu. Bi Kiboko akajaribu kupitisha kichwa, ikagoma. Akajaribu mguu, ikagoma. Mwishowe akaivaa kwenye sikio. Wenzake nao wakavaa masikioni. "Haidhuru," akasema, "nani asiyenijua mimi?"

Wakaingia. Watazamaji wakacheka.

"Waoneni Jabalini! Pimbi wa siku hizi wanakula vizuri!"

"Mimi ni kiboko!" akanguruma Bi Kiboko. "Tazameni mdomo huu!"

"Pimbi mwenye mdomo mkubwa," wakasema. "Basi ndiyo maana ni wa mwisho."

Mechi ikaanza. Kijino akadundisha, di! di! di! Akarusha, chwaa! Vigelegele! "Pointi mbili!" Dada yake akarusha, mpira ukampiga refa Korongo utosini, ko! Refa akayumba, akashika kichwa, akapuliza filimbi, prrii! "Ustadi! Pointi mbili!"

Bi Kiboko akadundisha, du! du! du! Siku hiyo alikuwa na hasira, na hasira ikamlengea shabaha. Akarusha, na kwa mara ya kwanza maishani mwake mpira ukapita katikati ya kikapu, chwaa!

Watazamaji wakapiga miayo.

"Bahati haihesabiwi!" akasema refa Korongo.

Bi Kiboko akalia machozi, jamani, machozi ya kweli. "Nimefunga! Mmeona wote nimefunga! Muulizeni Kasuku nani wa kwanza!"

Wote wakatazama juu ya mti. Kasuku, mgongo wake uwanjani, akameza karanga, akatangaza, "Nyekundu wa kwanza! Kijivu wa mwisho!"

Basi Kijino akasogea mbele ya Bi Kiboko, akasimama, akasubiri. Alisubiri mpaka wanyama wote wakaanza kunong'ona, "Huyu wa mwisho hana adabu, mbona haamkii?"

Bi Kiboko akainama. Sikio lenye jezi likagusa vumbi.

"Shikamoo," akasema, kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Kijino. "Pole. Neno la Kasuku likishatoka halina rufaa."

Jioni ile viboko wakatoka kisimani, na kila mnyama akanywa maji safi, watoto wa Jabalini wakiwa mbele. Na tangu hapo jezi nyekundu zinafuliwa na viboko. Wanazifua kwa maji baridi, maana pimbi si wajinga.

Kitu kimoja tu. Nasikia msimu uliofuata Kijino alirusha mpira ukaangukia kichakani, pwata! Watu wakapiga vigelegele. Kijino akasimama, akafikiri, akasema, "Mnajua, kweli nilikusudia."

Funzo la hadithi hii ni kwamba timu ya kwanza ni ya kwanza kwa jasho lake yenyewe, na wapanga ubora hawakosei hata siku moja. Nani kacheka huko nyuma? Na watoto, mkubwa akikupa nguo zake ufue, usinung'unike, zifue kwa heshima. Maji yawe ya moto.

Hadithi yangu imepita kwenye kikapu, chwaa! Aliye chini aidake.