Chupa ya Maji ya Baraka

Asubuhi za Kisangani huzaliwa zikiwa zimejifunika. Ukungu huinuka kwenye maporomoko, ukatambaa juu ya mto na kuzimeza nguzo ndefu ambazo wavuvi Wagenia hutundikia mitego yao, hata ukabaki mvumo wa maji peke yake, kama sauti ya mtu asemaye usingizini. Lakini ziko siku jua linapowahi. Siku hizo kila kitu hung'aa kwa pamoja: mawe, makasia, migongo ya samaki, na mto wenyewe hurusha vipande vya nuru hadi kwenye dari za nyumba.

Nyumba ya Honorine ilikuwa ukingoni kabisa, dirisha lake likitazama macheo. Honorine alikuwa mjane, fundi cherehani mwenye mikono myepesi, na katika mwaka ule wa 1956 alikuwa akishona gauni la harusi la Delphine, bintiye wa pekee. Alilipenda gauni lile kama mboni ya jicho. Ili husuda isiliguse, aliweka dirishani chupa ya maji ya baraka. Ilikuwa chupa ya kioo safi, tumbo lake la mviringo kama boga, iliyowahi kutiwa dawa katika zahanati. Nyuma yake, juu ya meza ya cherehani, gauni lilipumzika jeupe pe.

Aliishi na wifi yake Berthe, dada wa marehemu mumewe. Berthe alikuja kutoka Yanonge siku ya matanga, Delphine akiwa bado mchanga, akabaki. Hakujaliwa mtoto, Delphine ndiye aliyekuwa wake wa mgongoni.

Siku moja Honorine alirudi kutoka sokoni akakuta tundu kwenye mkono wa gauni, dogo kama punje ya kunde, kingo zake zimekauka na kuwa kahawia.

"Berthe! Uliwasha pasi?"

"Pasi iko baridi tangu jana, yaya. Gusa," Berthe akajibu, akimwita dada mkubwa kama kawaida yake.

"Basi hii tundu imetoka wapi? Panya alivuta sigara?"

"Muulize panya. Mimi nilikuwa nafua inje."

Honorine alitarizi ua juu ya tundu, lakini moyo wake haukutarizika. Usiku alisali. Kulipokucha akalitundika gauni karibu zaidi na dirisha, kiasi cha upana wa kiganja kutoka kwenye chupa, ili baraka isihangaike kutafuta njia. Kwa siku kadhaa ukungu ulilala juu ya mto na gauni halikudhurika. Kisha ikaja asubuhi angavu, Honorine akaenda sokoni, na aliporudi moyo ulimpasuka. Kifuani mwa gauni palipita mstari mwembamba ulioungua, umepinda polepole kama njia ya konokono.

Safari hii alipiga kelele, majirani wakajaa. Tonton Basile, mkubwa wa ukoo, aliletewa kiti. Alilitazama gauni, akamtazama Berthe.

"Kila nguo ikiungua, nani iko nyumbani?"

"Ni mimi, tonton," Berthe akajibu.

"Bon. Mutu hana mutoto, anaona mutoto wa mwenzake anaolewa. Roho inamuwaka. Alors, kesho kuna meli. Utarudia Yanonge."

"Tonton, Delphine nilimubeba mimi mugongoni! Nitamuchomea gauni namna gani?" Berthe akamgeukia wifi yake. "Yaya, sema basi."

Honorine alijua kwamba neno lake moja lingetosha. Akainama, akaanza kukunja gauni ambalo halikuhitaji kukunjwa.

Asubuhi iliyofuata jua liliwahi. Delphine alikuwa amejifungia chumbani akilia. Honorine alilitundika gauni mahali pake dirishani, akaketi kuziba mstari ule kwa lesi, ila sindano haikwenda. Darini nuru iliyorudishwa na mto ilicheza kama kundi la samaki wadogo. Akainua macho kwenye chupa, akaona ulimwengu wote umeingia mle ndani, mdogo na mzuri, umepinduka: mto uko juu, mbingu ziko chini, na katikati Berthe anatembea kichwa chini miguu juu, sanduku la bati likining'inia kichwani mwake, akienda zake kama mtu anayezama angani. Honorine alimtazama, asijue kama yu macho au anaota, mpaka yule mtu mdogo alipofika ukingo wa kioo, akatoweka.

Ndipo alipoona kuwa nuru imekaa juu ya nguo. Kitone kimoja tu, cheupe kuliko weupe wa gauni, chenye ukingo wa rangi za upinde wa mvua. Kilipendeza kiasi kwamba alitamani kukishika. Akanyoosha mkono, kikatua kiganjani kama kipepeo.

"Mama yangu!"

Kilimuuma kama nyigu. Akaukunja mkono, kitone kikarudi kwenye nguo, na uzi mwembamba wa moshi ukaanza kupanda. Akaifunika chupa kwa kanga: kitone kikafa. Akaifunua: kikafufuka. Jua lilikuwa likiingia chupani kwa upana wa tumbo lile la mviringo, na maji yalikuwa yakiipinda miale yote, yakiikusanya kama mchungaji akusanyavyo mbuzi, hadi ikakutana mahali pamoja, upana wa kiganja kutoka kwenye kioo. Na jua lilipopanda, kitone nacho kikajongea, kama konokono.

Hakukumbuka kuvaa viatu.

Bandarini meli ilikuwa bado imefungwa kamba. Berthe alikuwa ameketi juu ya sanduku lake katikati ya makapu ya samaki wa moshi.

"Berthe, rudi. Nimeona."

"Ulinyamaza mbele ya watu, yaya. Kama uko na neno, liseme mbele ya watu."

"Sema, mama!" abiria mmoja akapaza sauti. "Meli inakusikiliza!"

Honorine aliwageukia watu. "Aliyeunguza gauni ni mimi! Chupa niliweka mimi. Nguo nilisogeza mimi. Berthe hana kosa, na nilipoweza kumutetea, nikafunga kinywa."

"Chupa ya maji inaunguza?" mchuuzi wa samaki akacheka. "Mama, hayo ni maji ao ni ile pombe kali ya lotoko?"

Watu wakaangua kicheko. Honorine alifungua kiganja chenye alama ya moto. Kicheko kikapungua. Berthe aliushika mkono ule, akaupulizia taratibu kama apuliziwavyo mtoto. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Hili sanduku iko nzito sana. Utalibeba wewe. Na kwanza tunapita kwa tonton Basile. Maneno haya utayarudilia kule, yote, bila kuruka hata moja."

Honorine alijitwika sanduku bila kunung'unika. Njia nzima alipita akiona haya na kufurahi kwa pamoja, maana adui aliyemtafuta moyoni mwa wifi yake alikuwa amemweka mwenyewe dirishani, kwa mikono yake na kwa sala zake. Hawakukosea wahenga: kikulacho ki nguoni mwako.