Somoe na Jike la Sikio Lililochanika

Paukwa?
Pakawa.
Paliondokea nini?
Paliondokea muhogo, ukaliwa na asiyelima.
Basi tulieni. Nawe uliye huko nyuma, tafuna polepole, nakusikia.

Hapo kale alikuwepo mjane, jina lake Somoe, ana wajukuu na shamba moja la muhogo kando ya msitu. Nguruwe mwitu wakalijua shamba hilo. Wakaja leo, wakaja kesho, wakaja keshokutwa. Aliyewaongoza ni jike zee la sikio lililochanika.

Chitanda, fundi wa mitego, akachimba shimo. Akanasa mmoja. Waliobaki hawakupita tena pale. Akatega kamba. Akanasa mmoja. Waliobaki wakapita kwingine, tena wamezaa.

"Chitanda baba," akasema Somoe, "ukinasa mmoja unawafundisha kumi. Tungoje ukoo mzima."

Akang'oa muhogo wake mwenyewe, akaumwaga uwazini kando ya shamba. Nguruwe wakala. Akasimika nguzo chache kuzunguka. Wakala. Akaongeza nguzo. Wakala. Watu wakamcheka, eti bibi analisha wezi wake. Chekeni nanyi, lakini wajukuu walikuwa wakilalia uji mwepesi, na shambani limebaki tuta moja.

Boma likaisha. Chitanda akaning'iniza mlango wa magogo kwa kamba. Nguruwe wakafika, jike zee likanusa nguzo ya mlangoni, likageuka. Wote wakageuka.

Somoe naye akainusa. "Umepaka nini hapa?"

"Dawa ya mtego, mama. Wazee walitufundisha, mtegoni hakiingii kitu bila dawa."

"Ulipaka na kule shimoni? Na kwenye kamba?"

"Nilipaka."

"Basi wewe ndiye unayewapigia mbiu."

Chitanda akainamisha kichwa. Somoe akaing'oa nguzo, akasimika nyingine kwa mikono yake inayonuka muhogo. Kisha akamwaga lile tuta la mwisho. Akajiwekea vijiti vya mbegu tu.

Alfajiri wakaja. Wakaingia watoto, wakaingia vijana, wakaingia mama zao. Jike zee likabaki nje, limesimama, linatazama. Chitanda, kashika kamba ya mlango, akangoja, akangoja, kamba ikamponyoka.

Mlango ukaanza kushuka. Msitu u nyuma ya lile jike, wazi kabisa. Jamani, halikukimbilia msituni. Lilikimbilia mlangoni, likapenya chini ya magogo, likasimama katikati ya wajukuu wake. Mlango ukatua.

Hakuna aliyeshangilia. Hata mimi ninayesimulia, mwili unanisisimka. Chitanda alivua kofia. Somoe akakaribia nguzo, wakatazamana, bibi na bibi.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akasema Somoe. "Ningekuwa wewe, ningeingia."

Muhogo ukastawi, wajukuu wakashiba. Nyama ya nguruwe wale Somoe hakuionja. Na kila mavuno, tuta lililo karibu na mlango wa boma hakulichimba, wala hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Ngano yangu imetua. Iliyo nzuri wapelekeeni wa nyumbani. Iliyo mbaya niachieni, nitaipanda upya.