Swali la Dada Tunu kwa Watu wa Mtaa

Hii imenifikia leo, nami sikuweza kukaa nayo peke yangu.

Nyuma ya soko la mtaa mmoja palikuwa na gofu walimolala vijana wanaovuta unga. Sufuria zilipotea, nguo zikaanuliwa kambani na wasio wenyewe. Watu wakachoka. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mbelwa, akaitisha mkutano ili gofu libomolewe na vijana wafukuzwe.

Siku chache kabla ya mkutano, afisa mpya wa ustawi wa jamii, Dada Tunu, alionekana akiingia gofuni. Hakuja na polisi wala mahubiri. Alikaa juu ya tofali, akaongea nao, akaondoka. Kesho yake akarudi.

"Anatafuta nini mle?" watu waliulizana. Wengine walisema naye anavuta.

Siku ya mkutano Mzee Mbelwa alifoka kuliko wote. "Wale si watu tena! Wabebwe wakatupwe mbali!"

Watu wakapiga makofi. Dada Tunu akaomba kusema.

"Niliwauliza vijana wale swali moja tu: nani angefurahi ukirudi nyumbani? Wengi walicheka. Mmoja alilia. Akasema baba yake amewatangazia majirani kwamba mwanawe yuko Msumbiji, anafanya kazi. Ameniruhusu niwaambie hayo, ila si jina."

Dada Tunu akautazama ukumbi mzima.

"Dawa ya kumsaidia kuacha ipo kliniki, na hailipiwi. Lakini hunywewa kila siku, na peke yake hawezi. Nauliza: baba huyo yumo humu?"

Watu wakatazamana. Hapo Mzee Mbelwa akavua kofia.

"Ni Sefu wangu," alisema. "Niliona aibu, jamani. Niliona aibu."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa nyuma akasimama. "Na wangu yumo mle gofuni."

Asubuhi iliyofuata Mzee Mbelwa alimshika Sefu mkono, wakapita katikati ya soko hadi kliniki. Mwezi wa pili wa matibabu Sefu alitoroka. Baba akamfuata, akamrudisha bila kumpiga. Leo Sefu anaziba pancha za baiskeli pale sokoni, na baba yake humpelekea chai mwenyewe.

Funzo: Kabla hujasema kijana afukuzwe, uliza kwanza ni mtoto wa nani; anayezama kwenye unga anahitaji dawa, na anahitaji mtu asiyeona aibu kumwita wake.