Aliyekuwa Uvunguni

Palikuwa na sultani, Mwinchande jina lake, aliyenunua darubini kwa mgeni mmoja mpita njia. Akapanda nayo darini, akaizungusha mbinguni kote, kushoto, kulia, mpaka pembeni mwa mwezi, akashuka amenuna.

"Hakuna mtu kule," akasema. "Nyota zimejitokea zenyewe."

Asubuhi yake ikapigwa mbiu. Anayedai kuwa ulimwengu una muumba alete mashahidi wawili waliomwona akiumba. Asiye nao afunge mdomo. Na atakayemwambia mtoto habari hizo, mtoto atachukuliwa, alelewe jumbani, mbali na porojo za mama yake.

Basi mjini humo alikuwamo Tufaha, msokota kamba za makumbi, mwanamke mdogo, uzazi wa kwanza, mume yuko safarini. Mtoto alizaliwa kimya. Halii, hatikisiki, rangi kama bilingani. Tufaha akakumbuka kuwa mtoto husomewa adhana sikioni, na msomaji ni baba, na baba hayupo, na mtoto anazidi kuwa bilingani, sasa afanyeje, akaisoma mwenyewe! Adhana ya sikioni hunong'onwa. Yeye aliipiga kama anaita msikiti mzima. Mtoto akashtuka, akalia. Mtaa nao ukasikia.

Siku ya arubaini, siku ambayo mzazi hutoka nje kwa mara ya kwanza, Tufaha alitolewa na askari wawili.

Akasimamishwa barazani, mwana kifuani, maziwa yamelowesha kanga. Kichwani mwake mambo yanakimbizana: mtoto huyu hashiki titi la mtu mwingine, watampa uji, uji utampalia, Mola wangu, na hilo la Mola usilitaje hapa, Tufaha, usilitaje!

"Ulimwambia nini mtoto?" akauliza sultani.

"Nilimwambia aliyemuumba, Seyyid."

"Ulimwona akimuumba?"

"Sikumwona. Nilikuwa na uchungu, macho nimefumba."

Mtu akacheka nyuma. Sultani akamtazama, mtu akaacha.

"Kwa hiyo hujui kama yupo."

"Seyyid, mtoto alikuwa hapumui. Ningeanza kuuliza mashahidi saa ile? Nikasema, kama yupo, keshaarifiwa. Kama hayupo, nimepiga kelele tu, na kelele zenyewe zimemwamsha."

"Kadhi!" akaita sultani. "Sheria inasemaje?"

Kadhi Burhani alikuwa amefundisha habari za Muumba miaka thelathini, lakini nyumba aliyolala ilikuwa ya sultani. Akakohoa. "Mashahidi wawili, Seyyid. Wasipopatikana, jambo halikuwa."

"Umesikia, mwanamke? Mlete mtoto."

Askari akanyoosha mikono. Tufaha akarudi nyuma hatua moja, na maneno yakamtoka yenyewe kabla hajayapima.

"Seyyid, na wewe kiti hicho umekipataje?"

"Nimerithi kwa baba yangu, Sultani Mwinyikombo, Mungu amreh..." Akajiuma ulimi. "Baba yangu."

"Aliyekuzaa?"

"Unauliza nini wewe!"

"Nauliza mashahidi. Wawili."

Binamu wa sultani, ambaye kiti kingekuwa chake kama Mwinchande asingezaliwa, akaacha kutafuna tambuu.

Sultani akacheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Shahidi yupo! Mwiteni Bi Mashavu!"

Bi Mashavu alikuwa kungwi wa marehemu mama yake sultani. Ndiye aliyemfunda bi harusi, na kwa desturi ya mji ule, usiku wa harusi kungwi hulala uvunguni mwa kitanda, ili asubuhi awape wazee habari kamili. Bibi akaja na mkongojo wake.

"Sema, bibi. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo! Mara tatu kitanda kile kiliniangukia."

"Mmesikia!" akasema sultani, akiketi vizuri.

"Shikamoo, bibi," akasema Tufaha.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto mzuri huyo."

"Usiku huo wa harusi, ndipo alipotungwa huyu Seyyid wetu?"

"Huyu? Ala! Huyu ni wa saba, baada ya wasichana sita. Kitinda mimba. Kazaliwa harusi ina miaka kumi na mitano."

"Na usiku wa huyu wa saba ulikuwa uvunguni?"

"Mwanangu, nani akae uvunguni miaka kumi na mitano? Mimi nina mgongo!"

Hapo hata askari walicheka. Binamu hakucheka. Alisogeza mkeka wake karibu na kiti, kidogo tu.

Sultani akasimama, uso umemwiva. "Upuuzi! Nani asiyejua? Itazameni pua hii! Pua ya baba tupu! Nayo imejitengeneza?"

"Aa," akasema Tufaha. "Kumbe kitu chaweza kutuonyesha aliyekifanya, hata kama hatukuchungulia."

Sultani akafungua mdomo. Akamwona binamu. Akaufunga.

"Kadhi ndiye aseme," Tufaha akaongeza upesi upesi, maana akinyamaza ataanguka. "Kama pua ni ushahidi, basi na nyota za mbinguni ni ushahidi, nipeni njia niende nikamnyonyeshe mwanangu. Kama pua si ushahidi, mashahidi wa Seyyid hawapo, na jambo halikuwa, na hapo kitini sijui amekaa nani."

Kadhi akainama, akawa anatafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

"Mpisheni!" sultani akanguruma. "Aende! Na mtoto wake!"

Tufaha akamkumbatia mwanawe, akageuka, akakaza mwendo. Amebakiza hatua mbili kuufikia mlango, akasikia nyuma yake:

"Ngoja!"

Akageuka, mtoto kambana kifuani.

Sultani alikuwa ameinama mbele, anatabasamu, kidole juu. "Huyo muumba wako, na yeye nani alimuumba?"

Tufaha akamfunika mtoto kichwa kwa pindo la kanga.

"Seyyid, kwani mimi nilikuwa uvunguni?"