Mafundo Ishirini na Moja ya Bi Nyange

"Kutaga si kuatamia." Ndivyo shangazi yako alivyokuambia asubuhi, Siwema, nawe ukanuna. Sasa mmenizunguka wote mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Chanzo chake ni hiki.

Zamani mdondo, ule ugonjwa wa kuku, uliingia kijijini Kwemkole ukafagia kuku wote. Kwa Bi Nyange walisalia tetea mmoja mwekundu na jogoo mmoja. Baada ya siku tatu jogoo naye akapinda shingo, akafa. Keshoye tetea akataga yai kapuni, jikoni.

Bi Nyange aliishi na mke wa mwanawe, Mwanjaa. Mpole yule binti, lakini akishika jambo haachii. Akasema, "Mama, yai hili tusile, wala yatakayofuata, na tetea tusimchinje. Tetea hubaki na mbegu ya jogoo siku kadhaa. Tukiyapoteza haya, Kwemkole haitasikia tena jogoo akiwika."

"Na kaka yangu akija, nimchinjie nini? Kunguru?"

Msicheke. Siku hizo mgeni kuondoka bila kuonja kuku ilikuwa aibu ya kusimuliwa vijiji vitatu, na kaka yake Bi Nyange alikuwa ameshatuma habari kuwa anakuja.

"Nipe siku za kuku kuangua tu, mama," akaomba Mwanjaa.

"Siku za kuku ni ishirini na moja. Sikuongezei hata moja." Bi Nyange akachukua kamba, akafunga fundo la kwanza palepale.

Kila alfajiri akafunga fundo. Tetea akataga siku kadhaa, akapumzika siku, akataga tena. Siku ya kumi na moja mayai yalikuwa tisa, ndipo akakaa juu yake, akatutumua manyoya na kumdonoa kila aliyesogeza mkono. Tangu alfajiri iliyofuata Mwanjaa akawa anachora mstari wa mkaa ukutani. Alimwekea tetea maji na chenga za mahindi karibu, akazungushia kapu majivu siafu wasipite, na akilala masikio yalikuwa jikoni.

Fundo la ishirini na moja lilipofungwa, Bi Nyange aliingia jikoni na kisu. Kaka yake alikuwa ameshaonekana huko ng'ambo ya mto.

"Siku zimetimia. Hakuna yai lililogongwa hata moja. Mayai viza haya, ondoka."

Mwanjaa akasimama mbele ya kapu. "Mama, tazama ukutani. Mistari ni kumi. Kuku amekaa siku kumi tu."

"Na kamba yangu inasema uongo?"

"Kamba imehesabu tangu yai la kwanza. Siku zile alikuwa anataga. Kutaga si kuatamia, mama."

"Unanifundisha kuku mimi, niliyewafuga kabla mama yako hajazaliwa?" Kwa hasira akapenyeza mkono chini ya tetea, akachomoa yai, akalipasua kwenye jiwe la mafiga ili amwaibishe mkamwana wake.

Ndani mlikuwa na kifaranga. Hakikuwa na manyoya, jicho lake jeusi lilikuwa karibu sawa na kichwa, na kifua kilikuwa bado kinapiga. Wote wawili walikitazama mpaka kikatulia.

Bi Nyange akaketi chini. Kisu kilimtoka mkononi. "Nimemuua mwenyewe," alisema, akalia. Hakuwahi kulia mbele ya mkwe.

Kaka yake alipofika aliandaliwa ugali na kunde. Akanuna kama wewe, Siwema. Bi Nyange akamtazama usoni, akamwambia, "Kula, kaka. Kuku sina. Nilidhani ninaye, kumbe kutaga si kuatamia." Aibu ikasimuliwa vijiji vitatu, naye akaivumilia. Ile kamba akaifungua mafundo yote, akafunga kumi. Kuanzia hapo waliamka pamoja alfajiri, mmoja na kamba, mwingine na mkaa.

Siku ya kumi na moja baadaye wakasikia mayai yakigongwa kwa ndani. Vilitoka vifaranga sita. Mayai mawili yalikuwa viza kweli, sitawadanganya. Katika wale sita, wawili walikuwa majogoo, na kuku wote wa Kwemkole wametoka kwao. Mwaka uliofuata yule kaka aliondoka na jogoo kwapani.

Sasa wewe Siwema. Unasema mwezi mzima unasuka mkeka na hauishi, bora uache. Mwezi huo umeuhesabu tangu siku uliyokata ukindu. Huo ukindu ulilala tu nyuma ya mlango, umeusuka jana na juzi tu. Ulete hapa, kaa karibu yangu, tuanze kuhesabu leo. Kutaga si kuatamia.