Adapta ya Kilumbo

Makambako nzima ilikuwa na adapta moja tu ya kuunganisha mashine kuukuu ya kupimia injini na malori ya zamani. Ilikuwa ya tajiri Kilumbo, mwenye gereji kubwa. Fundi Tunu, mwenye mashine kama hiyo, aliyeshindwa kujua ugonjwa wa lori la mteja, alipokwenda kuiazima, Kilumbo alicheka.

"Ukishindwa, binti, jioni mwenye lori atalivuta aniletee mimi."

"Sawa, baba. Hata hivyo isingeingia. Tundu la lori lile ni dogo."

"Isiingie? Adapta yangu?"

"Mbona mtaa mzima wanasema."

Kilumbo alimtangulia hadi kwenye lori, akaichomeka mbele ya watu. Mashine ya Tunu iliwaka, mshale ukacheza, ukatulia.

"Umeona?"

"Nimeona, baba," alisema Tunu akiokota spana. "Kumbe ugonjwa ni pampu ya dizeli. Chomoa tu."